Mwendo wa Eliwaza

Katika mji wetu ni alasiri, na imekuwa alasiri tangu siku ile ambayo kwa miaka mingi sikutaka kuisema. Jua limesimama juu ya paa la bohari kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kivuli cha tangi la maji kimelala barabarani na hakisogei. Watu wanazeeka, watoto wanaota meno na kuyang'oa, mahindi yanakomaa, lakini mwanga ni uleule, wa rangi ya chai ya maziwa, na hakuna anayeuliza. Mimi pia sikuuliza, kwa sababu nilijua. Mtu anayejua kwa nini jua limesimama hana haja ya kuuliza. Ana haja ya kusema, na kusema ni kazi nyingine kabisa.

Siku tunazihesabu kwa seti za Nakunda. Nakunda ni mjukuu wangu, ana miaka ishirini na mmoja, na kazi yake ni udijei, ingawa si udijei wa kurukisha watu. Anapiga nyimbo za taratibu. Nyingine hazina hata maneno, ni sauti ndefu ndefu zinazotanda chumbani kama mvuke wa sufuria ya maharage. Watu wakitoka kazini, mafundi, walimu, wauza mboga na vikapu vyao, wanaingia ukumbini, wanavua viatu, wanalala juu ya mikeka na kufumba macho. Nakunda anaunganisha wimbo na wimbo bila kuacha ufa, saa nne mfululizo, na hakuna anayejua wimbo mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Ufa ukitokea kuna hatari. Uliwahi kutokea mara moja, umeme ulipokatika, na fundi bomba mmoja akainuka hajui jina lake. Mama Sifuni, anayeuza chai ya tangawizi hapo nje, alimkalisha, akampa kikombe, akamtajia jina lake polepole mpaka likamrudia. Hakumdai hata ile chai.

Mimi nakaa kwenye kigoda karibu na meza ya mashine. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwaya niliimba miaka thelathini, na mwalimu wetu alitufundisha do, re, mi mpaka zikaingia kwenye mifupa. Nakunda ana kioo kinachomwonyesha mwendo wa kila wimbo kwa namba, mapigo mangapi kwa dakika. Lakini katika kutafuta wimbo umekaa wapi, yaani do yake iko wapi, haamini kioo. Ananiamini mimi.

"Mke mwenza," ananiita hivyo kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba, "hebu sikia huyu." Ananiwekea hedifoni upande mmoja. "Do yake?"

Namwimbia chini chini.

"Na huyu anayemfuata?"

"Huyo kahamia kwa jirani. Do, re, mi, fa. Penye fa ya yule ndipo do ya huyu."

"Watapatana?"

"Watapatana sana. Wana sauti saba kila mmoja, na sita wanazitumia pamoja. Ile ya saba, ti, ndiyo hawasemezani."

"Kama wewe na Mama Sifuni siku ya ubwabwa."

"Ubwabwa ule ulikuwa umeungua, mjukuu wangu. Nilisema kweli tu."

Anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, mkono wake mmoja ukiwa bado juu ya mashine kama mkono wa mama juu ya tumbo la mtoto anayelala. Anaupunguza wimbo wa kwanza besi yake kabla hajaipandisha besi ya pili, kwa sababu besi mbili haziwezi kulala kitanda kimoja. Halafu anangoja. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda, ile ya kungoja. Dakika tatu, dakika tano, nyimbo mbili zinapumua pamoja, na yeye hafanyi lolote, anaziacha zizoeane. Ninapomtazama hapo, nywele zimemwangukia usoni, mara nyingine si yeye. Ni Eliwaza, mwanangu. Halafu ni mimi mwenyewe, kijana, kwenye meza hiyohiyo, maana meza ni ileile. Nafumba macho mpaka kila mmoja wetu arudi kwenye umri wake.

Siku moja mume wa Mama Sifuni alilala mkekani akakoroma, nikataka kumwamsha.

"Mwache, Bibi," Nakunda aliniambia. "Anakoroma sabini na mbili kamili. Nimeanza kumtegemea."

Ana sheria moja. Nyimbo mbili zikitofautiana mwendo, anausogeza mmoja umfikie mwenzake, lakini hausogezi zaidi ya mapigo matatu. Nilimuuliza kwa nini matatu.

"Ukiuvuta zaidi ya hapo, Bibi, unakuwa si wimbo tena. Unakuwa mateka."

Alilisema hivyo hivyo, akitafuta soksi yake chini ya meza. Hakujua alichonifanya. Nilitoka nje nikasimama karibu na jiko la Mama Sifuni, nikasema moshi umeniingia machoni.

*

Swali langu ni hili, na nimelibeba tangu nikiwa na meno yote: nani anampimia mtu mwendo wake? Mtoto anazaliwa na moyo unaopiga upendavyo. Anajifunza kutembea, na sisi tuliomshika mkono tunatembea haraka zaidi, naye anakimbia kidogo ili mkono usimkatike. Tunaita kukua. Huenda ni kukua kweli. Lakini akifika mahali tulipokuwa tunamvutia, aliyefika ni nani? Na yule mwingine, wa taratibu, aliyeachwa nyuma kwenye njia akiokota kokoto, bado yuko pale? Anamngoja nani? Mimi si msomi. Nauliza kwa sababu nilimwacha mmoja.

*

Kabla haujawa ukumbi wa mikeka, jengo hili lilikuwa Nyumba ya Mwendo. Kila mtoto alipofika miaka saba aliletwa hapa, tukamrekodi kwenye kanda akiimba au akiguna kwa mdomo uliofumbwa wimbo wowote anaoupenda. Halafu Mpima Mwendo alisikiliza kanda na kuandika namba. Mwendo wa mji ulikuwa themanini na nne. Aliyekaribia themanini na nne alipewa kadi, na guno lake likapigwa kwenye spika ya mtaa wao kila siku kabla ya kazi, akatembea kwa hilo maisha yake yote. Aliyekuwa chini ya sabini alipelekwa Kando. Kando ni wapi, hatukuonyeshwa. Tulijua tu kwamba waliopelekwa hawakusubiriwa na mtu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikirekodi. Nilichaguliwa kwa ajili ya masikio yangu, na nilijivuna.

Mpima hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba siwezi hata kumtupia lawama yeye. Siku ya kwanza kazini alinifutia kiti vumbi kwa leso yake mwenyewe. Nilipojifungua Eliwaza alileta sabuni mbili na kilo ya sukari.

Eliwaza alipofika miaka saba sikumleta Nyumba ya Mwendo. Nilibeba mashine nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka jikoni, kwa sababu alikuwa akiguna vizuri zaidi akiwa anapepeta mchele. Alikuwa na wimbo wake, usio na maneno, wa kushuka na kupanda kidogo, na ungo ulikuwa ukimpigia mwendo: shaa, shaa, shaa. Nilikaa kwenye mlango wa jiko nikamsikiliza. Sijawahi kusikia kitu kilichotulia namna ile. Alipomaliza nilimwambia maneno fulani, kwa sauti ya chini, nikazima.

Usiku haukuingia, kwa hiyo sisemi usiku ule. Nasema baadaye, nikiwa peke yangu na mashine, nilihesabu ungo. Sitini na tatu.

Nikahesabu tena. Sitini na tatu.

Mashine ilikuwa na kitufe cha kuzungusha, kidogo kama kifuniko cha soda. Nilikizungusha. Ungo ukaanza kukimbia. Sabini. Sabini na tano. Themanini na nne. Na katika mashine za siku zile, ukiiharakisha kanda, sauti nayo inapanda, huwezi kuviachanisha. Sauti ya mwanangu ikapanda do, re, mi, fa, ikatulia pale juu, nyembamba, kama ya mtoto mwingine aliyebanwa kidogo shingoni. Niliisikiliza. Niliijua kuwa si yake. Nikaihamishia kwenye kanda nyingine, na ile ya kwanza nikaifuta.

Sikumpiga. Naomba mnielewe. Sikumnyima chakula, sikumtukana, sikumwambia hata siku moja kuwa hafai. Nilizungusha kitufe kimoja kidogo. Nilifanya hivyo ili abaki kwangu. Nilimpenda. Nilizungusha. Yote mawili kwa mkono mmoja.

Mpima alisikiliza kanda, akaandika namba, akanitazama kwa muda. Nadhani alijua. "Hongera, mama Eliwaza," alisema, akanipa kadi. Huo nao ulikuwa wema wake, na nilioga maji mara tatu hautoki.

Tangu siku ile ya kitufe ikawa alasiri.

Eliwaza alitembea kwa guno lile miaka kumi na saba. Spika ikilia mtaani alikuwa anainuka kama aliyechomwa. Alikula haraka, akaongea haraka, na sauti yake ya mdomoni taratibu ikafuata ile ya spika, ikawa nyembamba, ya juu, isiyo na pumzi. Watu walimsifu. Alikuwa mfanyakazi hodari. Viatu vyake vilikwisha visigino kabla ya vya wenzake. Alikuwa ananiuliza, "Mama, mbona nachoka hivi? Wenzangu hawachoki." Nami namwambia anywe maziwa.

Alipomzaa Nakunda alikaa naye wiki sita. Halafu siku moja spika ikalia guno lake, naye akasimama katikati ya sebule na mtoto mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo si mimi. Mama, yule anayeimba pale si mimi." Nilikuwa nakata sukuma wiki. Sikuinua kichwa. Akaniwekea mtoto mapajani, juu ya majani na kila kitu.

"Nishikie kidogo," alisema.

Hicho kidogo kina miaka ishirini na mmoja sasa.

*

Nyumba ya Mwendo ilifungwa, kadi zikachomwa, Mpima akazeeka akafa, na Nakunda na wenzake wakaomba jengo. Wakati huo wote Eliwaza alikuwa akizunguka mji akitafuta sauti yake. Watu hawakumtambua, maana walimjua kwa guno la spika, na spika zilikuwa zimeng'olewa. Na tangu ukumbi ufunguliwe anakuja kila siku. Anasimama mlangoni, amevaa kitenge cha kijani, vidole vyake vinacheza cheza kwenye fremu ya mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Anasikiliza. Wimbo ukiisha kuzoeana na mwingine, anatikisa kichwa, anaondoka mbio mbio.

Haniangalii. Sijui kama hanioni au ananiona.

Mama Sifuni humwekea chai kwenye kizingiti, kwenye kikombe cha bati chenye kifuniko ili isipoe. Hajawahi kumuuliza jina. Mara nyingi kikombe kinabaki kimejaa. Kesho anaweka kingine.

"Bibi," Nakunda aliniambia, "yule mama wa mlangoni leo kakaa nyimbo tatu. Juzi alikaa mbili. Anatafuta wimbo gani yule?"

"Sijui," nilisema.

Nilikuwa nimemwambia Nakunda kuwa mama yake alipotea, jambo ambalo si uongo. Nilikuwa nimempa hata ile kanda, nikamwambia huyu ni mama yako akiwa na miaka saba. Aliikumbatia kama kitu chenye joto. Aliiingiza kwenye mashine yake, na kwa miezi hakuthubutu kuipiga mbele ya watu. Alikuwa akiisikiliza peke yake kwenye hedifoni. "Mwishoni kuna ndege, Bibi," aliniambia. "Baada ya guno kuisha, kandege kadogo kanalia mara mbili. Nilitaka kukakata, nikakaonea huruma."

Nilijua hakuna ndege.

*

Leo Nakunda alifika mapema akiwa amevaa gauni jipya.

"Nimeamua," alisema. "Nafunga seti kwa guno la mama."

"Leo?"

"Leo. Nimempangia njia nzima. Wimbo wa mwisho kabla yake nimeuchagua ukae kwenye do yake, ili aingie kama anaingia nyumbani. Shida ni mwendo tu. Seti yangu inashuka, Bibi, mwishoni iko sitini na tatu, na mama yuko themanini na nne. Sijui nimpandishie wengine wote au nimwache aanze peke yake."

Sitini na tatu. Hakuna aliyemwambia. Alishuka mwenyewe, seti hadi seti, mwezi hadi mwezi, mpaka akafika pale ambapo mama yake alikuwa amesimama na ungo.

"Mpunguze yeye," nilisema.

"Mama? Mpaka sitini na tatu?" Alinigeukia. "Mapigo ishirini na moja? Mke mwenza, umesahau sheria?"

"Mpunguze tu, mjukuu wangu. Atakaa."

Alinitazama kama Mpima alivyonitazama. Halafu akafanya, kwa sababu ananiamini. Na mimi nikaona nimefanya jambo jema. Nimetoa namba. Nilijiambia, namba inatosha, namba itamrudisha, na hakuna atakayehitaji kujua imetoka wapi. Ndivyo alivyo mwenye hatia: anarudisha kitu usiku wa manane hata katika mji usio na usiku, akitumaini kitakutwa mlangoni bila mtu kuuliza nani aliyekuwa nacho.

Watu wakaja, wakavua viatu, wakalala. Nakunda akaanza. Sijawahi kumsikia akiwa vile. Alianza themanini, akashuka wimbo kwa wimbo, mapigo mawili, mapigo matatu, kila do ikimshika mkono jirani yake na kumkabidhi kwa mwingine. Mume wa Mama Sifuni alikoroma mpaka koromo lenyewe likashuka. Na Eliwaza akaja mlangoni. Akakaa wimbo mmoja, nyimbo tatu, sita. Vidole vyake kwenye fremu vilianza kupunguza kucheza.

Wimbo wa mwisho ulipofika, ulikuwa sauti moja ndefu na kengele za mbali. Nakunda akapunguza besi. Akanitazama, akatabasamu, akasukuma kanda ndani.

Shaa. Shaa. Shaa. Ungo.

Mwendo ulikuwa sahihi. Niliutambua kwa mwili mzima, kwenye magoti, kwenye matiti yaliyomnyonyesha. Na Eliwaza akavuka kizingiti. Miguu yote miwili. Alitembea hatua mbili, tatu, mkono mmoja mbele kidogo kama mtu anayetafuta ukuta gizani.

Halafu guno likaanza, na sauti ilikuwa ileile ya juu.

Ilikuwa taratibu, lakini ya juu, nyembamba, ya shingo iliyobanwa. Mtoto yule mwingine, sasa akitembea polepole. Eliwaza akasimama. Niliona uso wake ukijifunga kama duka. Alirudi nyuma hatua moja.

Nikaelewa. Mashine za sasa zina kitufe chenye picha ya kufuli. Ukikiwasha, unaweza kubadili mwendo na sauti isisogee hata kidogo. Nakunda hukiwasha siku zote, kwa heshima, ili kila mwimbaji abaki na sauti aliyozaliwa nayo. Alikuwa anailinda sauti ya mama yake. Alikuwa ananilindia uongo wangu, kwa uaminifu wote, kwa sababu nilimpa namba nikamnyima habari.

Ungo ulipiga mara nne huku nimekaa. Nilizihesabu. Katika ya tano nilianza kuinuka, na mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa Mama Sifuni. Hakuuliza kitu. Aliniinua tu, kama unavyomwinua mtu kanisani.

"Nakunda. Toa kufuli."

"Nini? Bibi, si sasa."

"Toa kufuli. Mwache ashuke."

"Akishuka atatoka kwenye do ya wimbo, Bibi! Watagombana! Sauti yake ni hiyo, siwezi kumshusha mama yangu."

"Sauti yake si hiyo." Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Watu wawili watatu wakainua vichwa mikekani. "Nilimpandisha mimi. Alikuwa sitini na tatu, na sauti yake ilikuwa chini, nzuri, na mimi nikaiharakisha ili asipelekwe Kando, ikapanda, nikafuta ile ya kweli. Na hakupotea, mjukuu wangu. Yule pale. Huyo unayemuuliza kila siku anatafuta wimbo gani. Huyo ni mama yako."

Nakunda aligeuka akatazama mlangoni, akatazama kwa muda wa mapigo mengi, na sikuyahesabu. Halafu, bila kuondoa macho pale, kwa kidole kimoja, akazima kufuli.

Sauti ikashuka. Fa, mi, re, do. Ilishuka kama mtu anayeshusha ndoo kichwani baada ya safari, na nikasikia ukumbi mzima ukitoa pumzi. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka saba aliyeshiba, anayepepeta mchele, asiye na mahali pa kuwahi. Wimbo wa kengele uliendelea chini yake. Walikuwa majirani sasa, sauti sita walizitumia pamoja, na kila guno lilipogusa ile ya saba, zikagombana kidogo, zikauma sikio kama jino bovu linapoguswa na maji ya baridi. Nakunda, kwa mazoea ya kazi, alipeleka mkono kuificha.

"Iache," sauti ilisema.

Ilikuwa ya Eliwaza. Alikuwa amefika katikati ya mikeka. Alisimama hapo mpaka guno likaisha, ungo ukanyamaza, na yule ndege akaanza kulia mwishoni.

Hakuwa ndege. Alikuwa mimi, kijana, nikiwa nimekaa kwenye mlango wa jiko, nikisema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyeielewa kwa miaka thelathini na minane:

"Vizuri, mwanangu. Hivyo hivyo ulivyo."

Kengele za mbali ziliendelea. Mama Sifuni aliniachia kiwiko taratibu, akarudi nyuma hatua moja, ili nisimame peke yangu mahali ambapo nilipaswa kusimama peke yangu. Huo nao ulikuwa wema.

Eliwaza alikuja mpaka mbele yangu. Alikuwa na mvi. Sikuwa nimeziona kutoka kwenye kigoda.

"Nani alinipandisha?"

"Mimi."

Hakulia, hakunipigia kelele. Alipozungumza tena sauti ilikuwa inatafuta njia ya kushuka, ikikwama, ikishuka tena.

"Nilidhani nilizaliwa hivi," alisema.

Nilikuwa nimeandaa maneno miaka yote, ya kumweleza kuhusu Kando, kuhusu woga, kuhusu leso ya Mpima na kilo ya sukari. Yalikuwa maneno mazuri. Niliyaacha yakae huko huko.

Alikuwa ameshika kikombe cha bati. Lazima alikiokota kizingitini wakati anaingia, kwa mara ya kwanza. Alifunua kifuniko, akanywa funda moja, akalimeza bila haraka. Nyuma yangu nilisikia kiti cha Nakunda kikisukumwa, na miguu yake mitupu sakafuni, halafu kusimama, kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kusogea zaidi. Nje, mtu fulani alisema mbona kivuli cha tangi kimefika kwenye ngazi.

Eliwaza alimtazama binti yake juu ya bega langu. Kisha akanipa kikombe.

"Nishikie kidogo," alisema, akanipita.

Nikakishika kwa mikono miwili. Kilikuwa bado cha moto. Sikugeuka kuwatazama, hilo halikuwa langu. Nilisimama hapo na chai ya mwanangu, na sikuhesabu.